Leo Nafula Anakusuka

Mwende mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi ulipokuwa ukitoka, kwa hivyo sitazirudia. Mambo ya nauli, blanketi na mama wa kukupokea kule Eldoret umeyaandika mwenyewe ukayabandika kwenye friji, na sina la kuongeza. Mimi nimekaa hapa mezani, Kangemi, kalamu nimeizungushia kitambaa ili inenepe nipate kuishika, kama ulivyonifundisha. Wewe uko Ngara, kwenye kiti cha Nafula, anakusuka nywele za safari. Najua kufikia sasa yuko kisogoni. Najua umeinamisha kichwa, amekushika hapo nyuma ya sikio, na mnacheka jambo ambalo mimi sitaambiwa.

Roho inaniuma. Nilitaka nianze na baraka kama wazazi wengine, lakini baraka nikiitanguliza kabla ya ukweli huo itakuwa ya uongo, na uongo ndio ninaotaka tuuzungumzie.

Wiki jana ulikuwa ukinifunga vifungo vya sweta, ukaniambia bila kunitazama, "Mum, ukitaka nibaki, sema tu. Nitawaomba chuoni waniwekee nafasi hadi mwaka ujao." Nikajifanya nimepaliwa na mate. Tangu siku hiyo hujauliza tena, lakini nakuona ukipanga nguo kwenye begi na kuzitoa, ukipanga na kuzitoa, unangoja jibu. Jibu liko humu. Litachelewa kidogo kufika, kwa sababu mkono wangu unachoka upesi, na kwa sababu mama yako ana wivu, na mwenye wivu huzunguka sana kabla ya kusema.

Acha nianze na huyo Nafula. Wewe unamjua kama Anti Nafula. Mimi nilimjua akiwa msichana aliyefika kutoka Bungoma na kichana kimoja, akapangisha kiti kando ya changu pale saluni. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa msusi. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Wanawake walipanda zile ngazi wakiuliza, "Mama Mwende yuko?" na kama sipo waliteremka. Kulikuwa na mama mmoja wa Spring Valley aliyekuwa akituma gari linichukue nikamsuke nyumbani kwake. Siku hizo nilipita mbele ya wasusi wenzangu polepole, mkoba kwapani, ili wote wanione. Mikono yangu ilijua kazi hata nikiwa nasinzia. Nafula alikuwa akinitazama vidole, na alijifunza kwangu. Hilo sijawahi kulisamehe vizuri.

Baridi yabisi ilianza kwa adabu. Asubuhi vidole vilikaza, kufikia saa nne vikalegea. Nikalaumu maji baridi. Nikalaumu mashine ya kukausha nywele. Kisha hiyo asubuhi ikawa inarefuka, ikafika saa sita, ikafika wakati wa chai ya jioni. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba nimefungwa mikono, nimwangalie sana anayekaa karibu nami. Unajua Wakamba tunavyosingiziwa uchawi kila pembe ya nchi hii. Basi mimi Mkamba nikamshuku Nafula, Mbukusu! Kila asubuhi nilipangusa kiti changu kwa kitambaa chenye maji ya chumvi kabla ya kukaa. Nafula alidhani ni usafi, naye akaanza kupangusa chake.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na msichana wa harusi, nimefika nusu ya kichwa, vidole vikagoma. Kuuma nilikuwa nimezoea. Siku hiyo vilikataa kufunga, naviambia shika navyo vimekaa tu. Pale kwetu msusi akichelewa, wa kando humshikia upande: huyu anasuka kulia, yule kushoto, kisha wanagawana malipo. Ni desturi ya kila siku na hakuna anayeiona aibu. Nafula akainuka.

"Mama Mwende, wacha nishike hii side."

"Nimekuambia nataka msaada?"

"Si ni kushika tu?"

"Kaa kwa kiti yako, Nafula."

Msichana akatutazama kwenye kioo. "Aki madam, niharakishieni. Naenda harusi, siendi matanga."

Nikajaribu tena. Mistari ikaenda upogo. Mwishowe msichana akainuka mwenyewe, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akahamia kiti cha Nafula. Mimi nikasema kwa sauti, mbele ya wateja, kwamba kuna watu wanaoiba wateja kwa dawa. Nafula akachukua kichana. Alisuka upande wake, akaufumua wangu, akausuka upya. Kumtazama akiufumua kuliniuma kuliko vidole.

Nilichopaswa kusema siku hiyo ni "siwezi." Sikukisema, na nilikaa muda mrefu bila kukisema. Nilibeba sufuria ya maji ya moto nikiwa najua sitaifikisha, na kovu la mguuni unalijua. Nilienda benki, sahihi yangu ikakataa kufanana na ile ya zamani, na badala ya kumwonyesha karani vidole nilimfokea kwamba ananidharau. Mtu akinifungulia mlango nilimwona mwizi. Ilikuwa kana kwamba kila kitu nilichoacha kuweza kimechukuliwa na mtu fulani, na huyo mtu yuko mahali anakifurahia.

Hapa nimepumzisha mkono. Nimeshindwa kufungua chupa ya maji nikanywa chai iliyobaki, baridi.

Sasa lile la nywele zako. Hujawahi kulitaja, na kunyamaza kwako kumenikera zaidi ya kama ungenitukana. Ulikuwa darasa la sita. Nilikataa katakata usisukwe na Nafula. Jumapili nikakuketisha katikati ya magoti yangu tulipotoka kanisani, na giza likaingia sijamaliza. Nilikuwa nakuvuta, maana vidole vilivyokaza havina kipimo. Hukulia. Jumatatu watoto wakakwambia kichwa chako ni ramani ya Kangemi. Jumamosi iliyofuata ulienda Ngara peke yako, Nafula akazifumua, akakusuka vizuri. Ulirudi ukakimbia mpaka hapa nilipokaa, ukageuza kichwa upande huu na upande huu nikione.

Nilikwambia keti ufumue. Zote.

"Mum, kwani nimekosa nini?"

"Hicho kichwa nilikizaa mimi."

Ukaketi pale mlangoni na mkia wa kichana, ukafumua mstari baada ya mstari, nami nikikutazama hadi ukamaliza. Baba yako aliporudi kutoka zamu ya usiku Kitisuru, alikukuta umefunga kitambaa, akauliza kuna nini. Ulimjibu kwamba zilikuwa zinakuwasha. Ulinifichia. Mtoto wa umri ule, akaniokoa na aibu yangu mwenyewe, na mimi badala ya kushukuru nikajiambia, umeona, bado ni wangu.

Baada ya hapo niliacha kazi, na ile nyingine ikaingia. Daktari aliiita sonona. Majirani waliiita mawazo. Ajabu ni kwamba dawa za viungo zilikuwa zimeanza kunisaidia. Vidole vingeweza kushika kijiko, lakini sikuona sababu ya kukishika. Nililala nimeelekea ukutani, wewe ukapika, ukafua, ukaenda shule. Mikono ilipovimba watu waliiona wakanihurumia. Kichwa hakivimbi, Mwende. Akina mama wa kanisa walikuja wakaimba vizuri sana, na mmoja akanigusa bega akasema, "Simama kwa imani, mama. Ukiamka uoge utasikia poa." Alikuwa anasema kweli, lakini alikuwa ananielekeza ng'ambo ya mto bila kuniambia daraja liko wapi. Kutoka kitandani hadi bafuni ni hatua chache, na mimi zilinishinda. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kwenye ndoo, nikawaza, nitaamka ikijaa. Ikajaa, ikamwagika, ukaja ukafunga mfereji.

Nafula alikuja bila wimbo. Akachemsha maji, akayaleta kwenye karai kando ya kitanda.

"Siwezi kuoga," nikamwambia.

"Najua. Nyoosha mguu."

"Nakuchukia, Nafula."

"Chukia tu. Lakini ukimaliza vaa viatu, clinic hufungwa mapema."

Hiyo "najua" ndiyo iliyonitoa kitandani. Wengine wote walikuwa wanabishana nami. Yeye aliamini kwamba siwezi, akaanzia hapo. Na ungedhani nilimpenda tangu siku hiyo, lakini la. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba ni yeye aliyejua la kusema na si mtu wangu wa damu. Nilikunywa vidonge vya clinic kwa hasira. Navyo vikafanya kazi, vidonge havijali umevimeza na hasira au na shukrani.

Siku hizi unaona kazi yangu. Napokea wateja, nashika simu, nagawa nywele za kuongezea vipande vyembamba namkabidhi Nafula, yeye anasuka. Kuna siku nafanya hadi jioni, kuna siku saa tano niko chali kwenye benchi na hakuna anayeniuliza kwa nini. Wananitania, eti kidole kimoja hakivunji chawa. Nawajibu kwamba vyangu hata kumi havivunji, tutafute dawa ya chawa. Tunacheka, na kicheko changu ni cha kweli. Lakini yule mama wa Spring Valley sasa hutuma gari kwa ajili ya Nafula. Mara nyingine naenda naye kugawa nywele, na ninapokaa kwenye kiti cha nyuma cha gari lile natazama nje njia nzima.

Siku moja nilimuuliza Nafula kwa nini hataki pesa kwa kichwa chako. Akasema, "Mtoto wangu anasukwa na nyanya yake huko Bungoma, mimi humwona Christmas. Nikishika kichwa ya Mwende najifanya ni yake." Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia kidogo. Chini ya huruma hiyo, wivu ulikuwa umekaa palepale haujasonga.

Na usidhani wivu wangu unamwishia Nafula. Nakuonea wewe pia. Wewe unashuka kitandani kabla hujaamka vizuri. Mimi kila asubuhi lazima nijadiliane na goti, nibembeleze bega, kisha nianze na vidole, kimoja kimoja, kama watoto wasiotaka kwenda shule. Wewe unafungua chupa ya soda huku unaongea habari nyingine kabisa! Mara nyingi nimesikiliza hiyo soda ikifunguka, nisisikie ulichokuwa ukisema.

Na nawaonea wivu wagonjwa wako. Unaenda kujifunza kuwarudishia watu mikono na miguu yao. Kuna mtu huko, simjui hanijui, atakupa kidole chake umwambie kunja, kunjua, polepole. Utamsubiri, na akifanikiwa utamtabasamia vile unavyonitabasamia mimi kitasa kinapofunguka. Namwonea wivu mtu huyo na pengine hata hajaugua bado.

Lakini akifika, muulize anaweza nini leo. Jana iachie jana. Mimi nimekuwa mtu wa kufunga vifungo Jumanne na wa kulishwa Jumatano, na Jumatano hiyohiyo mtu akaniambia, "Lakini jana ulikuwa sawa." Hakuna maneno yaliyowahi kunifanya nijione mwongo kama hayo. Basi ukionekana mwongo hata unaposema kweli, unaanza kuona kwamba uongo hauna hasara.

Ndipo nifike kwenye kikombe. Jumatatu hii, ulipokuwa unapiga pasi, kikombe changu kilianguka kikavunjika. Ulikuja mbio, ukanishika vidole ukaanza kunikanda, ukasema, "Pole Mum, leo vimekazana sana." Jioni ukatoa nguo zote kwenye begi.

Kikombe hakikuniponyoka. Nilikiachilia.

Siku hiyo vidole vyangu vilikuwa vizuri kuliko siku yoyote ya mwezi huu. Nilikiinua, nikakuangalia ukipiga pasi blauzi ya safari, ukiimba, nikafungua mkono. Ulipokuja mbio nilifurahi, Mwende. Furaha hiyo ilikaa hadi ulipopiga magoti kuzoa vipande. Kwa miaka nilisema naweza nilipokuwa siwezi, ili watu wasinione mdogo. Sasa nimesema siwezi nikiwa naweza, ili usiende. Wivu ndio ulionifundisha kote kuwili, na ugonjwa nilikuwa nao wa kweli, haukuhitaji kusaidiwa na uongo.

Tena nina hofu kwamba umeniiga. Nasikia ukisaga meno usingizini. Kucha zako umezila hadi nyama. Nikikuuliza unasema, "Niko fiti, Mum," kwa sauti ileile niliyokuwa nikimjibu Nafula. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa, niliishi tu nikiwa nimejificha, na wewe ndiye uliyenilipia. Kama huko asubuhi moja utasikia maji yakijaa ndoo na usiweze kuinuka, usinipigie simu kuniambia uko fiti. Mwambie aliye karibu. Huenda usimpende. Huenda akawa anajua kazi yako kuliko wewe. Usipanguse kiti na chumvi.

Jua limehama, sasa liko mlangoni. Kabla ya aya hii niliweka kalamu nikampigia Nafula. Nilikaa na simu mkononi muda kabla ya kubonyeza.

"Nafula, Mwende akienda, vifungo siwezi. Na dawa za asubuhi, kifuniko siwezi."

Kulikuwa na kelele za mashine kwanza, kisha zikazimwa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili na nusu. Baba yake hurudi kama nishachelewa."

"Si nakaa hapo tu chini yenu, nitapitia kabla ya kazi. Sasa wacha nimalize, huyu msichana yako amenilalia kwa mkono."

Nikakata simu na wivu wote ukarudi, umejaa pomoni. Umemlalia mkononi! Lakini vifungo vimepata mtu, na ni mimi niliyemwomba.

Hili basi ndilo jibu lako. Nataka ubaki. Nataka sana, hata sasa, na kama ningeandika kingine ungekuwa uongo mwingine juu ya ule wa kikombe. Ulichouliza kilikuwa kama nataka, nami nataka. Lakini hukuuliza kama nitaweza, na hilo nalijua pia: siku nyingine nitaweza, siku nyingine sitaweza, na zile ambazo sitaweza nitasema.

Kesho tutakapokuwa mlangoni utaniuliza kama niko sawa. Nakujua, utauliza. Nitakujibu kwamba siko sawa, kwa sababu sitakuwa sawa. Usiweke begi chini.

Mama yako